Nyumba yetu ya kwanza, ua umetelekezwa: naanzia wapi? (Mrejesho nitauweka humuhumu)

Jasho Langu

Wakuu, habari za humu. Baada ya miaka mingi ya kupanga, mwenye nyumba akigonga mlango tarehe moja kabla hatujanawa uso, hatimaye tumepata kwetu. Hatukujenga, tumenunua nyumba iliyokwisha kukaliwa. Ndani hatuna neno. Shida ni uani. Mgeni akija anasifu sebule, anasifu madirisha, akifungua mlango wa nyuma anaguna "mh!" kisha anaurudishia taratibu kama aliyekosea chumba.

Niwaeleze palivyo, maana kamera ya simu yangu imepasuka kioo. Nyumba ina umbo la herufi L, kwa hiyo pande mbili za ua ni kuta za nyumba na pande mbili ni ukuta wa mpaka unaonizidi kimo kidogo. Ndani ya hapo ni meta 7 kwa meta 5 na nusu. Meta 4 za kwanza kutoka mlangoni zimemwagwa zege, ndicho kibaraza chenyewe, na limepasukapasuka kama gamba la kobe, majani yanachungulia kwenye kila ufa. Meta 3 zilizobaki ni magugu, vipande vya mabati, sinki la choo lililovunjika na matairi mawili yaliyojaa maji. Chini ya ukuta wa nyumba plasta inamomonyoka na kuna ungaunga mweupe.

Mipango yangu: kupaka ukuta rangi (kopo nimeshanunua, rangi ya udongo mwekundu), kupanga vyungu, viti vinne na meza, na taa za kuning'inia. Swali langu ni dogo tu: vyungu viwe vya rangi gani ili visipigane na huo ukuta?

Mpita Njia

Uzi bila picha tunausoma tukiwa tumefumba macho. Ila dada, hayo matairi si mapambo, hiyo ni wodi ya wazazi ya mbu. Yamwage leo, kabla hujasoma jibu linalofuata.

Mkulima wa Vyungu

Mpita Njia kasema kweli kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Palipo na joto, yai la mbu linahitaji kama siku 7 hadi 10 kufikia mbu anayeruka. Ukimwaga maji yaliyotuama kila wiki unamkatiza njiani. Hata visahani vya chini ya vyungu, usivisahau.

Kuhusu rangi, mimi ningekuuliza kwanza jua linapiga wapi. Ua uliozungukwa na kuta pande zote hauna jua moja, una majua manne. Chukua karatasi, chora huo mstatili, kisha saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni toka nje upake kalamu palipo na kivuli. Fanya hivyo siku kadhaa. Panapopata jua saa 6 au zaidi kwa siku ni pa mimea ya jua, saa 3 hadi 6 ni nusu kivuli, chini ya hapo usipeleke ua la jua likafe kwa ajili ya picha.

Pima Maji

Binti, hongera kwa nyumba. Mimi ni fundi mstaafu, magoti yamegoma lakini macho bado. Rangi ya vyungu tutakuja. Nijibu matatu.

Moja, simama mlangoni upime: kutoka sakafu ya ndani hadi juu ya hilo zege la nje kuna sentimita ngapi? Mbili, maji ya gata yanashukia wapi? Tatu, chukua gololi ya mtoto, iweke katikati ya kibaraza, uniambie inaelekea wapi.

Huo unga mweupe ukutani unaniambia jibu, lakini nataka uone mwenyewe.

Jasho Langu

Mzee shikamoo. Nimefanya.

Moja: sentimita 4. Mbili: bomba la gata linaishia juu ya zege, kwenye kona ile L inapojikunja. Tatu: gololi nimeazima kwa jirani. Nikaiweka katikati, ikasimama kama inafikiri. Halafu ikaanza, polepole, ikapita ufa wa kwanza, ikapita wa pili, ikaja ikagonga kizingiti cha mlango wangu. Tuk. Mwenzangu alicheka. Mimi nilicheka kidogo halafu nikaacha.

Nimepima na unyevu ukutani. Umepanda hadi sentimita 41 kutoka chini. Nimeweka alama ya penseli.

Pima Maji

Marahaba. Sasa tukae tuzungumze.

Sakafu ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi, na iinamie mbali na nyumba. Kila meta moja ishuke sentimita moja na robo hadi moja na nusu hivi. Kwa meta 4 zako ni kama sentimita 5 kutoka ukutani hadi mwisho. Jicho halitaiona, kiti hakitayumba, ila maji yataijua.

Wewe una sentimita 4, na mteremko umegeuzwa. Hesabu hii ifanye kichwani: milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kama upande huo wa paa ni meta za mraba 60 na ikanyesha milimita 20, gata lako linamwaga lita 1,200 kwenye kona moja. Na zege linazipokea na kuzikabidhi ukutani. Ukuta unanyonya maji kama utambi. Yakifika juu yanakauka, chumvi iliyokuwemo inabaki, ndiyo huo unga. Ukipaka rangi juu yake, miezi michache tu itavimba malengelenge. Kopo lako lifunge vizuri, uliweke mahali pakavu.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii na sina nyingine: ua huo una kazi ya kutoa maji kabla haujawa na kazi ya kukaliwa. Vyote unavyovitaka vitakuja, ila vije nyuma ya maji.

Sululu

Mzee Pima Maji heshima yako, lakini mnamtisha dada wa watu. Kuna haja gani ya kubomoa? Ausafishe huo ufa, amwage zege jipya juu yake sentimita 5, aliinamishe kuelekea bustanini. Siku mbili kazi imekwisha.

Pima Maji

Kijana, ana sentimita 4 hadi sakafu ya ndani. Ukimwaga 5 juu yake umefika sentimita moja juu ya sakafu ya sebule, na kabla hujaongeza mteremko. Mvua ya kwanza itaingia bila hodi. Halafu zege jembamba juu ya zege lililopasuka linarithi nyufa zilezile. Chini yake pana kitu kimetitia, ndiyo maana limepasuka.

Sululu

Hapo kwenye sentimita nimekubali, sikupiga hesabu. Lakini zege kwa zege bado nalipenda kuliko vitofali. Magugu hayapenyi.

Pima Maji

Zege si baya. Ukimwaga zege la sentimita 10, likakatwa mikato kila meta 2 na nusu hadi 3 ili lipasukie pale ulipotaka wewe, likamwagiliwa maji kwa siku 7 bila kuachwa likakauka ghafla, litakutunza. Shida yake ni moja: siku bomba la chini likiziba, unavunja. Vitofali vya pevingi unanyanyua kumi, unatengeneza, unavirudisha. Kwa nyumba ambayo hujui aliyekutangulia alizika nini chini, mimi ningeweka vitofali.

Asumini ya Usiku

Nimesoma yote na sijaona aliyemuuliza dada mtakaa mkifanya nini hapo. Viti vinne ni vya nani? Mnakaa jioni au asubuhi? Kamba ya kuanikia nguo itakuwa wapi, maana nguo hazitaacha kufuliwa kwa sababu mmenunua meza nzuri?

Kwetu tuliweka meza ya watu sita, tunakaa wawili. Ukivuta kiti unagonga chungu. Kabla hujanunua chochote chukua maboksi, yafungue, yakate kwa ukubwa wa meza na viti, yalaze chini, mkae siku mbili tatu mkiyazunguka. Mtu anayeinuka mezani anahitaji kama sentimita 80 nyuma yake. Meza ya upana wa sentimita 90 ikiwa na viti pande zote mbili inakula meta 2 na nusu. Njia ya kupita uiachie walau sentimita 90, na kama mnapitisha toroli au ndoo mbili, zaidi.

Jasho Langu

MREJESHO WA KWANZA. Wiki tatu zimepita, samahani kwa ukimya.

Matairi, mabati na sinki vimeondoka. Ile ramani ya jua nimeichora mara sita. Nilichogundua: upande wa kushoto, ambako nilishaamua meza ikae kwa sababu ndiko dirisha la sebule linakotazama, jua la saa kumi linapiga usoni kama taa ya polisi. Kona ya kulia chini ya mkunjo wa L, ile ya gata, ile niliyoiona mbaya kuliko zote, ndiyo yenye kivuli kizuri kuanzia saa tisa. Yaani mahali pazuri pa kukaa ndipo pale lita zenu 1,200 zinapomwagika.

Maboksi nayo yamenisuta. Meza ya watu wanne inaenea, lakini ukiongeza kamba ya nguo hatupiti. Tumekubaliana kamba iende ukuta wa mbali, ya kuvuta na kuregesha. Viti ni viwili, na benchi la kujengea ukutani kwa wageni. Asumini, swali lako limeniokolea fedha.

Tumeamua kubomoa. Mwenzangu amekubali kwa sharti moja, kwamba nisimwambie tena habari za gololi.

Pima Maji

Vizuri. Masharti ya kubomoa: kwanza jua waya wa umeme na mabomba vinapita wapi, ukiwa hujui chimba kwa mkono na si kwa mashine. Karibu na ukuta usichimbe mtaro mrefu wa mara moja, fanya vipande vifupi, na ukiona kichwa cha msingi simama. Usiende chini yake.

Kina chako nimekipigia hesabu. Sentimita 15 za kushuka kutoka sakafu ya ndani, tofali 6, mchanga 3, moramu iliyoshindiliwa 10. Jumla 34. Zege la zamani liko sentimita 4 chini, kwa hiyo mnashuka 30 kutoka juu yake pale ukutani, na 5 zaidi mwisho wa kibaraza.

Jasho Langu

MREJESHO WA PILI. Nina malengelenge sehemu ambazo sikujua zina ngozi.

Zege lilikuwa na unene wa sentimita 8. Nilidhani ni kazi ya wikiendi. Meta za mraba 22 kwa sentimita 8 ni kama meta 1.76 za ujazo, na meta moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu tani 2.4. Yaani tani nne na ushee. Toroli letu linabeba kilo mia ukilisukuma kwa nia njema. Safari zaidi ya arobaini, za zege tu, bado udongo.

Sasa sikieni. Siku ya pili, kule kona ya gata, kijana tuliyemwajiri akapiga sululu ikalia sauti ya uwazi. Tukafukua. Mfuniko wa chemba! Chini yake chemba nzima ya matofali, na bomba la inchi nne linalotoka nje ya ukuta hadi kwenye mtaro. Ilikuwepo siku zote. Aliyekuwa na nyumba kabla yetu aliona mfuniko unamharibia sakafu, akamwaga zege juu yake. Gata lilikuwa na mahali pa kwenda, mtu akapafunga kwa ajili ya urembo.

Nilikaa juu ya ndoo nikaitazama ile chemba kama nusu saa. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana mimi mwenyewe nilikuja humu kuuliza rangi ya vyungu.

Mpita Njia

Ungeuliza rangi ya mapazia tungekuta kisima cha mafuta.

Pima Maji

Hiyo chemba ni bahati yako. Isafishe tope, mwaga ndoo kumi uone kama bomba linatoka wazi. Kisha ulaze bomba kutoka kwenye gata moja kwa moja hadi chemba, chini ya moramu, KABLA hujajaza chochote. Mfuniko ubaki unaonekana na unafunguka. Usiutie aibu.

Sululu

Dada, hayo mapande ya zege usiyatupe yote. Makubwa yenye uso bapa yapange kama mawe, yawe ukingo wa tuta la bustani, sentimita 40 hivi kwenda juu, kila safu iingie ndani kidogo kuliko ya chini. Madogo yavunje sawasawa na ngumi ya mtoto uyachanganye kwenye tabaka la chini. Mimi na mdogo wangu tulifanya hivyo kwa mama, halijasogea. (Mzee, hili nimepiga hesabu.)

Pima Maji

Hapo umesema, kijana.

Asumini ya Usiku

Na kabla ya moramu, zika mabomba matupu mawili ya plastiki kuvuka kibaraza, moja la umeme moja la maji, na ndani yake pitisha kamba. Leo hamna haja nayo. Mwakani utataka taa upande ule, utavuta waya kwa kamba bila kunyanyua tofali. Sisi hatukufanya, sasa waya wetu umetambaa ukutani kama mjusi. Taa za nje ziwe za kuhimili maji, na saketi iwe na swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja. Na ziwe chache, za mwanga wa manjano, zikitazama chini. Ukizining'iniza nyingi juu utakaa kwenye kibaraza chako kama uko kituo cha mabasi.

Jasho Langu

Mabomba matupu yamezikwa. Uliandika jana yake tu, asante sana.

Kisa cha moramu sasa. Tulipata fundi, mtu mpole, kazi yake nzuri kwa macho. Aliimwaga moramu yote kwa mkupuo akapitisha mashine juu mara mbili, akaondoka. Asubuhi nikaona ngumu kama mwamba. Mwenzangu akasema tupange. Mimi nikachukua nondo nikaichoma: sentimita nne za juu inagoma, kisha inaingia kama kisu kwenye sabuni. Tukaitoa yote. TUKAITOA YOTE, wakuu. Tukairudisha nusu, tukanyunyiza maji kidogo, tukashindilia, kisha nusu nyingine. Niliagiza robo zaidi ya hesabu maana ikishindiliwa inapungua, na bado ilitosha kwa taabu.

Chini ya moramu tumetandika kitambaa cha ujenzi.

Mkulima wa Vyungu

Kitambaa ni kizuri kutenganisha moramu na udongo usipande. Ila usitarajie kikuzuilie magugu. Mbegu nyingi hazitoki chini, zinaletwa na upepo zinaota kwenye vumbi la katikati ya matofali. Dawa yake ni ufagio mgumu kila wiki.

Tukija bustanini: ule udongo mliochimba chini ya zege msiupande kitu hivyohivyo, umekufa. Tia kiganja cha udongo kwenye chupa ya kioo, jaza maji, tikisa, uiache. Mchanga unatua ndani ya dakika moja au mbili, tope laini saa kadhaa, mfinyanzi kesho yake au zaidi. Utaona matabaka kwa macho. Kisha changanya mboji, tabaka la sentimita 5 hadi 10, kwenye udongo wa juu.

Na chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yaishe, jaza tena, upime yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Yakishuka mbili na nusu au zaidi, mimea mingi itaridhika.

Jasho Langu

Chupa yangu imegawanyika: mchanga zaidi ya nusu, kwa hiyo nafuu. Shimo lilishusha sentimita 4 kwa saa.

Nimenunua vyungu sita vya udongo wa kuchoma, rangi yake ya asili. (Baada ya yote haya, jibu la swali langu la kwanza lilikuwa "usipake".) Chini niweke kokoto kwanza ili maji yatoke vizuri, siyo?

Sululu

Ndiyo, inchi mbili za kokoto. Kila mtu anajua.

Mkulima wa Vyungu

Kila mtu anajua na kila mtu anakosea. Maji hayapendi kuhama kutoka kwenye udongo wenye vitundu vidogo kwenda kwenye kokoto zenye nafasi kubwa. Yanasimama pale juu ya kokoto hadi udongo ulowe kabisa. Ukiweka kokoto umelinyanyua tope likawa karibu zaidi na mizizi, basi. Chukua sifongo la kuoshea vyombo, lilowe, lilaze. Likiacha kudondosha, lisimamishe wima uone maji mengine yanavyotoka. Kimo cha udongo ndicho kinachotoa maji, na tundu la chini. Funika tundu kwa kigae kimoja au kipande cha wavu ili udongo usimwagike, ujaze udongo mwepesi hadi juu.

Sululu

Nimefanya hiyo ya sifongo jikoni sasa hivi. Sitaki kuongea.

Asumini ya Usiku

Mimea, kila mtu afuate hali ya hewa ya kwake, ila nitasema moja tu: usipande kitu cha jamii ya mtini karibu na hayo matofali wala karibu na chemba. Mizizi yake inafuata maji, itanyanyua kila kitu. Na mwanzi, kama ni ule unaotambaa, ni ugomvi na jirani.

Jasho Langu

Nimesikia. Kona yenye kivuli na unyevu nimeweka kangaga. Ukutani upande wa jua bogenvilia, kwenye vyungu viwili mshubiri. Na asumini karibu na benchi, jina la mtu humu limenishawishi. Matandazo ya majani makavu sentimita 6 juu ya tuta, nimeyaacha mbali kidogo na mashina yasioze.

MREJESHO WA TATU. Matofali yamekwisha kupangwa. Ya sentimita 10 kwa 20, yanakwenda 50 kwa meta ya mraba, nikaagiza 1,180 badala ya 1,100, yamebaki 23. Nimeyapanga nyuma ya tuta, ya akiba. Tulivuta uzi kila safu tatu. Mlangoni sasa kuna kidato cha sentimita 15, na kwa wiki nzima ya kwanza kila mtu ndani ya nyumba hii alijikwaa kwa kushuka, mimi mara nne.

Jana ikanyesha. Usiku, saa nane. Nikaamka nikatoka na tochi na kanga kichwani. Gata lilikuwa linaunguruma chini ya ardhi, unalisikia kupitia matofali lakini hulioni. Nikafunua mfuniko wa chemba, maji yanapita meupe. Kibarazani maji yalikuwa yanatembea kama ngozi nyembamba kuelekea kwenye tuta, yote kwa pamoja. Isipokuwa mahali pamoja karibu na benchi, kama ukubwa wa sahani, pametuama.

Pima Maji

Sahani moja kwenye meta za mraba 22 kwa mikono ya watu wanaojifunza? Nyanyua matofali manane hapo, ongeza mchanga kidogo, yarudishe. Robo saa. Ungekuwa umemwaga zege ungeishi nayo.

Ukuta unasemaje?

Jasho Langu

Alama za penseli ziko tatu sasa. 41 siku ile ya kwanza, 38 tulipobomoa na kuunganisha gata, leo 33. Ule unga mweupe naupiga brashi kavu kila Jumamosi, simwagii maji. Kopo la rangi nilipake lini?

Pima Maji

Mafundi wengi tunahesabu mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene wa ukuta, na hapo ni kama hewa inapita vizuri. Ukuta wako wa sentimita 20 ni miezi minane hivi tangu siku ulipoufungia maji. Ukifika wakati huo tumia rangi inayopumua, si ile ya kufunga kama nailoni. Soma kopo.

Jasho Langu

Nimesoma kopo. Ni ile ya kufunga.

Mpita Njia

Nauliza kwa niaba ya rafiki: kopo linauzwa?

Jasho Langu

Haliuzwi, nimepaka lile benchi la mbao. Limependeza hasa, na haligombani na vyungu. Nasubiri penseli ya nne mwezi ujao. Gololi ya jirani bado sijairudisha, imepotelea kwenye tuta.